Udongo na Mikono: Mjadala wa Mvinyo Uliowekwa Mkuyuni

Eneo la mvinyo ni nchi yenye mpaka unaojulikana. Ndani yake mna aina za mizabibu zilizochaguliwa, na kanuni za kulima na kukamua ambazo kila anayetaka kulitumia jina la nchi hiyo sharti azifuate. Utaratibu huu ulikomaa Ufaransa. Mnunuzi wa huko husoma kwenye chupa jina la kijiji, pengine jina la shamba, na kwa jina hilo hujua zabibu ni za aina gani na zimeshughulikiwaje. Wafaransa wana neno lao, terroir, wanalolitumia kwa mambo mawili kwa pamoja: ardhi yenyewe, na mazoea ya watu walioikalia. Swali la lipi kati ya mawili hayo lina nguvu zaidi limebishaniwa kwa muda mrefu, na Watanzania wana sababu ya kuliuliza, kwa kuwa Dodoma nayo ni nchi ya mizabibu.

Mjadala unaofuata umewekwa Mkuyuni, katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Mahali pamepata jina kwa mti wa mkuyu, kama vilivyo vijiji na mitaa mingi iliyoitwa kwa kile ardhi yake ilichootesha. Ndizi za Bukoba hufika Mwanza kwa meli. Malori ya Dodoma huingia jijini kwa barabara. Sauti ni tatu, nazo ni sauti za hoja, hazimwakilishi mtu fulani. Mwalimu mstaafu wa jiografia anasimamia ardhi. Mama mfanyabiashara wa ndizi, mzaliwa wa Muleba, anasimamia mapokeo. Dereva wa lori apitaye Dodoma mara kwa mara anasikiliza kwanza, na atasema baadaye.

Mwalimu anaanza na ramani. Mashariki ya Ufaransa, kutoka mji wa Dijon kuelekea kusini, kuna ukanda wa miteremko uitwao Côte d'Or, wenye urefu wa takriban kilomita 50 na upana mdogo mno. Huo ndio moyo wa eneo la mvinyo la Bourgogne. Mwamba wake ni chokaa na udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, uliojengeka chini ya bahari ya kale katika zama za Jurasi. Mteremko unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huupata mapema na kukausha umande. Juu kabisa udongo ni mwembamba na upepo una baridi. Chini kabisa udongo ni mzito na maji hutuama. Katikati ndipo mizabibu inapopata kiasi chake: maji yanapita bila kukaa, mizizi inazama kwenye nyufa za mwamba, na zabibu zinaiva bila kujaa maji.

"Sasa, Mama," anasema Mwalimu, "tazama wanachopanda. Mvinyo mwekundu wa pale karibu wote ni wa aina moja, pinot noir, na mweupe karibu wote ni wa chardonnay. Wakulima ni wa kijiji kimoja, wamesoma shule moja, wanasali kanisa moja, wanapogoa kwa mkasi wa namna moja. Lakini shamba la katikati ya mteremko na shamba la chini ya barabara hayatoi mvinyo mmoja, wala hauuzwi kwa bei moja. Ukiondoa vyote vinavyolingana, kinachobaki ni udongo."

Hoja hiyo ina uzito, na Wafaransa wameichora. Vipande vya ardhi vya Bourgogne huitwa climats, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia, jumla yake 1,247. Vingine ni vidogo kiasi cha kushangaza. Shamba la Romanée-Conti, ambalo mvinyo wake ni miongoni mwa mivinyo iliyo ghali zaidi duniani, ni kama hekta 1.8, yaani ekari nne na nusu hivi. Familia nyingi za Usukuma hulima pamba na mahindi kwenye eneo zaidi ya hilo.

Mwalimu ana mfano wa nyumbani pia, na huo ndio wenye nguvu kuliko ule wa Bourgogne. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Dodoma uko mita 1,120 hivi. Mtu akitoka ufukweni Mwanza kwenda Dodoma anasafiri mamia ya kilomita na kufika karibu usawa ule ule alioanzia. Jua ni lile lile la kitropiki. Lakini Mwanza hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili, na hewa yake hubeba unyevu wa ziwa. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600, katika msimu mmoja unaoanza Desemba na kuisha Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu mtupu na usiku wa baridi. Mzabibu unaugua vibaya mahali penye unyevu muda wote: ubwiri unga na ubwiri vinyoya hushambulia majani na vishada. Ukavu wa Dodoma, ambao umemtesa mkulima wa mahindi tangu zamani, ndio dawa ya kwanza ya mzabibu. Udongo wake mwingi ni wa kichanga chekundu kinachopitisha maji haraka, na mzabibu hauombi zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo," Mwalimu anasema, "hata ungewaleta Mkuyuni wataalamu wote wa Bourgogne na vitabu vyao, wangeota ubwiri pamoja na mizabibu yao."

Mama hapingi habari ya mvua. Anapinga mahali mjadala ulipoanzia.

"Mwalimu, umeukuta udongo umeshakaa ukauita wa asili. Sisi kwetu Buhaya tunajua udongo hutengenezwa."

Anachokisema ni jambo linaloonekana kwa macho. Upande wa magharibi wa ziwa, kuanzia Muleba hadi Bukoba na kuendelea, mvua ni nyingi sana. Bukoba penyewe hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ya namna hiyo, ikinyesha juu ya mwamba wa mchanga kwa maelfu ya miaka, huchuja rutuba na kuizamisha mbali na mizizi. Ardhi iliyobaki katika hali hiyo huitwa rweya: nyasi, udongo hafifu, mbuga ya malisho. Lakini katikati ya rweya vimekaa vijiji vya kijani kizito, migomba imesongamana na mibuni, chini yake maharage. Shamba la namna hiyo, lililoizunguka nyumba, ndilo kibanja. Kutoka rweya hadi kibanja ni hatua chache, na mwamba wa chini haubadiliki.

Kilichobadilisha udongo wa juu ni kazi. Vizazi kwa vizazi, nyasi zilikatwa rweya zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikabaki kibanjani. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na majani makavu vyote vilirudi humo humo. Wazee walizikwa humo, na kwa hiyo kibanja hakikuwa mali ya kuuzwa ovyo. Rutuba iliyotawanyika kwenye mbuga pana ilikusanywa mahali padogo, kidogo kidogo, kwa mikono. Kaya isiyo na ng'ombe huona kibanja chake kikidhoofika. Ule "udongo mzuri" unaondoka, kwa sababu haukuwa umetoka ardhini peke yake.

Na kibanja kina kinywaji chake. Ndizi za pombe, ambazo ni aina tofauti na za kupika, huivishwa, hutiwa katika chombo kirefu cha mti kilichochongwa mithili ya mtumbwi, na hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au mbili rubisi huwa tayari. Anayeijua huonja na kusema kama ndizi zilikuwa za kutosha au mtama ulizidi. Mama anasema bila kuona haya kwamba rubisi ya upande wa kwao na ya upande wa jirani zake hazifanani, na kwamba hili alilijua kabla ya kusikia habari za Ufaransa.

Akiwa na mfano huo mkononi, anarudi Bourgogne na kuikuta imejaa vibanja. Mvua ilipouporomosha udongo wa mteremko wa Côte d'Or, wafanyakazi waliukusanya chini na kuupandisha tena juu kwa vikapu mgongoni. Mawe yaliyotolewa shambani yalijengwa kuta. Abasia ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098, na watawa wake ndio waliozungushia ukuta shamba la Clos de Vougeot, lenye takriban hekta 50, wakalilima kwa karne nyingi. Walikuwa na kitu ambacho mkulima wa kawaida hakuwa nacho: muda usiokatizwa na kifo cha mtu mmoja. Mtawa akifa, mwenzake anaendelea na kipande kile kile, na kumbukumbu ya kipande hicho haizikwi. Kujua kwamba zabibu za hapa huiva kabla ya zile za pale, na kwamba hili hurudi kila mwaka, kunataka maisha ya watu wengi yaliyounganishwa.

Hata aina ya mzabibu ilichaguliwa kwa amri. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alipiga marufuku mzabibu wa gamay, uliozaa sana na kuwafaa wakulima, akaagiza ung'olewe ili pinot noir ibaki. Ardhi haikuwa na la kusema katika shauri hilo. Gamay ilikuwa ikistawi vizuri, na ndiyo maana ilibidi ipigwe marufuku.

"Haya," Mwalimu anajibu, "mapokeo yako nayakubali. Lakini yapeleke Bukumbi."

Hapa anagusa historia ya jirani. Mwaka 1883 mapadri wa shirika la White Fathers walianzisha misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, Mfaransa, na wengi wa mapadri wa mwanzo walikuwa Wafaransa. Kaskazini mwa Afrika shirika hilo lililima mizabibu. Huko Thibar, Tunisia, lilikuwa na shamba na kiwanda cha mvinyo. Neno lenyewe la Kiswahili, divai, limetokana na Kifaransa du vin. Nao walihitaji divai kila siku, kwa kuwa sheria ya Kanisa hudai kwamba divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Rubisi haifai altareni, hata iwe nzuri namna gani. Watu waliokuwa na ujuzi, haja na nidhamu ya kutosha walikaa kando ya ziwa, na kando ya ziwa hapakuwa nchi ya mvinyo. Kama mapokeo yangetosha peke yake, anasema Mwalimu, Bukumbi leo ingekuwa na jina kwenye chupa.

Ni pigo zito, na Mama analipokea kwa kuligeuza. Ardhi ya Dodoma ilikuwapo maelfu ya miaka, kavu na yenye kichanga, pamoja na usiku wake wa baridi. Wagogo waliikalia, wakafuga ng'ombe, wakalima mtama na uwele, wakapika pombe ya nafaka. Ardhi haikumwambia mtu apande mzabibu. Uliletwa mwaka 1957 na mapadri Wakatoliki katika misheni ya Bihawana, na ulikuja kwa sababu ya altare. Ardhi nzuri bila haja ya mtu ingeendelea kuota michongoma.

Hata jina la tunda lilisafiri njia ndefu. Katika Kiarabu zabibu ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina jingine. Pwani ya Waswahili ililijua tunda kavu la biashara muda mrefu kabla bara halijaliona likining'inia mtini, ndiyo maana tunda bichi la Dodoma linaitwa kwa jina la tunda kavu.

Kuhusu Dodoma, sauti zote mbili zinakutana mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: kwenye mkasi wa kupogolea. Bourgogne iko kwenye latitudo ya 47 kaskazini. Baridi ya huko huulaza mzabibu kila mwaka, majani hudondoka, na majira ya kuchipua yakifika mti huamka wenyewe. Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu ukiachwa huendelea kuchipua bila mpango, tunda hili bichi na lile limeiva. Mkulima ndiye anayeulaza: hupunguza maji, huupogoa, na kutokana na macho yaliyobaki msimu mpya huanza siku moja kwa shamba zima. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Kalenda ambayo Ufaransa imepewa na hali ya hewa, Dodoma imeitengeneza kwa mkono. Hilo ni pokeo la kweli, ingawa ni changa, na halikunakiliwa kutoka Ulaya kwa kuwa Ulaya hailihitaji.

Mzabibu mwekundu ulioenea zaidi Dodoma umeitwa Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Upande wa mweupe hupandwa sana Chenin Blanc, mzabibu wenye asili ya Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha CETAWICO kilianzishwa Hombolo kwa mtaji na ujuzi wa Kiitaliano, kikaja na aina za Italia kama Aglianico, Teroldego na Marzemino. Chinangali yalipandwa mashamba ya umwagiliaji wa matone, jambo ambalo kanuni nyingi za maeneo ya Ufaransa hulibana au kulikataza. Mwalimu anaona hapo udhaifu, kwamba nchi inayonyweshwa kwa bomba imekosa kitu. Lakini hoja hiyo haina nguvu. Vikapu vya udongo vilivyopandishwa mteremko wa Côte d'Or vilikuwa vikijaza upungufu wa ardhi, na bomba la matone linafanya vivyo hivyo.

Ushahidi mwingine unazitatiza pande zote mbili. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Amerika, phylloxera, aliingia Ufaransa na kula mizizi ya mizabibu hadi mashamba yakakauka mkoa baada ya mkoa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza vikonyo vya mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Tangu hapo, sehemu ya mzabibu inayogusa udongo wa Bourgogne kwa kawaida ni ya asili ya Amerika. Mwalimu anasema ladha ya mahali ilibaki, basi ni udongo. Mama anasema waliobaki ni watu walioyajua mashamba yao na kuyapanda upya kipande kwa kipande, basi ni mapokeo. Anaongeza kwamba mnyauko wa migomba ulipobainika Kagera mwaka 2006, wakulima walifundishwa kukata maua dume na kuchoma visu moto kabla ya kwenda mgomba mwingine, na kibanja kilichokuwa na mwenyewe aliyezingatia ndicho kilichokuwa na nafasi ya kupona. Katika hili hakuna aliyemshinda mwenzake, na yamkini hakuna awezaye.

Dereva sasa anaomba nafasi.

"Mwalimu, Mama, niwieni radhi. Mimi sijui udongo wala sijui watawa. Najua mzigo. Nikipakia Dodoma, karatasi inaniandikia mchuzi wa zabibu, lita kadhaa. Hainiandikii umetoka kwa nani."

Sauti hii inaleta kile ambacho wawili wa kwanza wamekiruka: mnunuzi aliye mbali. Mchuzi wa zabibu ndilo jina la biashara la juisi na mvinyo ghafi unaouzwa kwa jumla kwa viwanda. Mkulima ambaye zabibu zake zimeiva hana muda wa kusubiri; tunda huoza kwa siku chache, wanunuzi wakubwa si wengi, na mwenye tangi ndiye mwenye bei. Historia ya Dodoma imewafundisha wakulima hofu hiyo. Kampuni ya umma ya DOWICO ilikuwa mnunuzi na mtengenezaji, na ilipokufa, kama yalivyokufa mashirika mengi ya umma, wakulima wengi waliiacha mizabibu yao. Walioendelea walijifunza kuuza haraka. Mchuzi wa Bihawana ukimwagwa katika tangi moja na wa Hombolo, wa Mpunguzi na wa Makutupora, tofauti yoyote iliyokuwapo kati ya vijiji hivyo imepotea milele kwa msimu ule. Huenda ni kubwa, huenda ni ndogo. Haiwezi kujulikana na mtu ambaye hajapata kuzionja kando kando.

Dereva ana swali jingine. Mwaka 1976, katika mashindano yaliyofanyika Paris, waonjaji Wafaransa wakiwa wamefichwa majina ya chupa waliipa California nafasi ya kwanza, katika mweupe na katika mwekundu pia, mbele ya mvinyo maarufu wa Bourgogne na Bordeaux. Kama wageni waliweza, udongo na karne za mapokeo ni vya nini?

Jibu la swali hilo limo katika sheria kuliko katika ladha. Baada ya phylloxera mvinyo ulikuwa haba Ufaransa, na wafanyabiashara walichanganya mvinyo wa kutoka mbali, hasa Algeria, wakaubandika majina ya Bourgogne na kwingineko. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walifanya ghasia kubwa, wakimwaga na kuvunja mali za wafanyabiashara waliowashuku kununua zabibu za nje ya eneo. Juhudi zilizofuata zilizaa amri ya Julai 30, 1935, iliyoanzisha mfumo wa majina ya asili yanayodhibitiwa, na mwanasiasa Joseph Capus alikuwa miongoni mwa waliousimamia. Mfumo huo haudai kwamba mvinyo wa jina fulani ni bora kuliko wote duniani. Unadai kwamba umetoka pale ulipoandikwa, kwa zabibu zilizotajwa, kwa kiasi cha mavuno kisichozidi kipimo. Ushindi wa California haukugusa hata neno moja la amri hiyo.

Hapa pia ndipo inapoonekana kwa nini rubisi haikupata kuandikiwa mpaka. Haisafiri. Baada ya siku chache inachacha, kwa hiyo mnywaji na mpishi ni majirani, na jina la mpishi linatosha. Mvinyo hukaa miaka na kuvuka bahari. Anayeunywa hatakutana kamwe na aliyeukamua. Kati ya watu wasiojuana, ujuzi wa kibanja hauna budi kuwekwa katika maandishi. Mkataba wa biashara wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994 unalijua jambo hili: unalinda majina ya mahali kwa bidhaa zote, lakini kifungu chake cha 23 kinaupa mvinyo na pombe kali ulinzi wa ziada. Zanzibar iliweka ulinzi wa majina ya mahali katika sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008.

Tanzania Bara ina mstari mmoja unaofanana na mpaka, nao umo katika sheria ya ushuru. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zilizolimwa nchini umepangiwa ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine. Mstari huo umemsaidia mkulima, kwa kuwa kiwanda kinapata faida kununua zabibu za hapa badala ya kuagiza juisi iliyokolezwa kutoka nje. Lakini ni mstari wa forodha. Unatambua nchi nzima kama shamba moja, na haujui kama kuna tofauti kati ya kichanga cha Hombolo na udongo wa Bihawana.

Kwa ushahidi uliotolewa, Mwalimu yuko sahihi kuhusu kile ardhi inachokataza. Hakuna mapokeo yatakayouondoa unyevu wa ziwa huko Bukumbi. Mama yuko sahihi kuhusu kile ambacho ardhi haiwezi kukianza wala kukitunza yenyewe, na mfano wake wa kibanja una nguvu kuliko mfano wowote wa Ulaya uliotajwa hapa, kwa sababu unaonyesha udongo wenyewe ukizaliwa na desturi. Na dereva, ambaye alisema machache, ndiye aliyeonyesha pengo la Dodoma lilipo. Dodoma ina ardhi inayofaa. Ina kazi ya mikono ya zaidi ya nusu karne, pamoja na namna yake ya kupogoa ambayo Bourgogne haina. Inachokosa ni kumbukumbu ya kipande kwa kipande, kile ambacho watawa wa Cîteaux walikuwa nacho kabla hakijaandikwa kuwa sheria.

Kutoka kuanzishwa kwa Cîteaux mwaka 1098 hadi amri ya 1935 ilipita miaka 837. Dodoma haihitaji kungoja kiasi hicho, kwa kuwa ina kituo cha utafiti Makutupora, ina vyama vya ushirika, na ina wakulima wanaojua kusoma na kuandika. Wakulima wa Bihawana, Hombolo, Mpunguzi na Chinangali watenge walau pipa moja la kila kijiji katika kila mavuno, walikamue peke yake, waandike tarehe ya kupogoa, ya kuvuna, mvua iliyonyesha na jina la shamba, na kituo kiyahifadhi madaftari hayo. Kazi hiyo inaweza kuanza na mavuno yajayo.